Muziki nausikia, maneno siyapati: ninunue amplifaya gani?

*"Mwanangu fundi, nina miaka 71, mstaafu, naishi Tanga mjini. Mashine yangu kubwa ya muziki niliyoinunua 1987 imekufa kabisa, mafundi wawili wameishindwa. Nimebaki na spika zake mbili za mbao, nyuma zimeandikwa 8 ohms 60 W, na deki ya kaseti ambayo bado inazunguka. Nina kanda zaidi ya 90 za taarabu. Nyingine ni za dukani, za vikundi vya Black Star, Lucky Star, Culture. Nyingine alizirekodi marehemu mke wangu kutoka redioni. Mjukuu ananishauri ninunue sabufa ya wati 10,000. Jirani aliniazima yake wiki nzima: madirisha yanatetemeka, lakini maneno ya mwimbaji siyapati, na taarifa ya habari ndiyo kabisa. Kuna kijana anauza amplifaya za mtumba kutoka Japani, anasema hizo ndizo orijino. Mwanangu yuko Muscat, anasema nimwambie tu ninachotaka. Nimetenga laki nne. Sitaki chombo cha vitufe hamsini. Nataka kuwasha, kuongeza sauti, kuzima. Ninunue kipi? Au masikio yangu ndiyo yamekwisha, nisipoteze fedha?"*

Shikamoo, mzee wangu. Nianze na hilo ulilolitaja mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Kwa jinsi ulivyoeleza, masikio yako yana sehemu katika jambo hili, na sabufa ya jirani ina sehemu kubwa zaidi. Fedha yako haitapotea ukinunua chombo kwa ajili ya maneno. Kishindo kiache. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha tutafika Muscat, Japani na kwenye hiyo laki nne.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama gamba la konokono. Humo zimepangwa seli ndogo zenye vinyweleo, karibu 15,000 kwa kila sikio tunapozaliwa. Za mlangoni hupokea sauti nyembamba, za ndani kabisa hupokea sauti nzito. Umri ukienda, za mlangoni ndizo zinazotangulia kufa, na zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo mtu wa miaka 70 anaweza kusikia ngoma na lori barabarani kama kijana, huku mlio wa kengele ndogo ya simu ukimpita.

Sasa angalia Kiswahili chetu. Karibu kila silabi inaishia na irabu, na irabu ndizo zenye nguvu: sehemu kubwa ya nguvu yake iko chini ya hezi 1,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), mahali ambapo sikio la mzee bado ni zima. Konsonanti kama *s*, *sh*, *f*, *th* na *ch* ni pumzi tu, dhaifu, na zinakaa juu, kati ya hezi 2,000 na 8,000. Mtu akisema *fika*, *shika* na *pika*, wewe unapata *ika*, *ika*, *ika*. *Thamani* na *samani* zinakuwa neno moja. Ndiyo maana wazee wengi huniambia sentensi ileile: "Namsikia anaongea, ila sijui anasema nini." Wanaona aibu, wanadhani akili imechoka. Akili ni nzima, mzee wangu. Ni herufi ndizo hazifiki.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloihusu sabufa moja kwa moja. Ndani ya sikio sauti nzito huifunika sauti nyembamba, hasa ile nzito ikiwa kubwa. Besi inapojaa chumba, zile konsonanti chache zilizokuwa bado zinakufikia nazo zinazikwa. Kijana hapati shida, kwa sababu anazo za akiba. Wewe huna za akiba. Ukiongeza sauti ili upate maneno, besi inapanda pamoja nayo na kuyafunika tena, mpaka nyumba inatikisika na bado hujajua waziri kasema nini.

Jambo la tatu watu wengi hawalijui. Sikio lililopoteza seli hizo halisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa linaiona kubwa kama kawaida, pengine inakera zaidi. Nafasi kati ya "sisikii" na "punguza, unaniumiza" inakuwa nyembamba. Mzee wa namna hiyo anahitaji sauti ya wastani iliyo safi. Ukimpa sauti kubwa chafu umemwongezea shida.

Simlaumu mjukuu. Sabufa hizi ni rahisi, zina redio, flashi na Bluetooth, na kwa vijana watano wanaocheza muziki sebuleni zinafanya kazi yake. Ila tazama ilivyojengwa: boksi moja kubwa la besi, na vispika viwili au vitatu vidogo ambavyo humo ndani mna koni, ile sehemu inayotetemeka, ya inchi tatu hivi. Fedha yote imekwenda kwenye boksi. Sauti ya binadamu, iwe ya mtangazaji au ya mwimbaji wa taarabu kama Bi Shakila, inatoka kwenye vile vidogo vya bei ya chini kabisa. Unaweza kuipunguza besi hadi mwisho na maneno yakasikika kidogo zaidi, na wengi nimewashauri hivyo kama hawana njia nyingine. Wewe njia nyingine unayo. Imekaa hapo sebuleni kwako, imetengenezwa kwa mbao.

Kuhusu wati 10,000: igeuze sabufa yoyote, usome kibandiko cha nyuma. Kitaandikwa volti 220 hadi 240, hezi 50, na wati inazokula kutoka ukutani. Mara nyingi utakuta 40, 60 au 80. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa wati 10,000 spikani, kama vile ndoo ya lita 20 haiwezi kujaza pipa. Namba hizo kubwa huitwa PMPO, na hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha kuzihesabu. Kila mwenye kiwanda anaandika anachopenda. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kuzitoa kwa mfululizo.

Na wati hizo za kweli huzihitaji nyingi. Spika ya mbao ya aina yako, ikipewa wati moja tu, kwa kawaida hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 hadi 90 ukiwa mita moja mbele yake. Mazungumzo ya watu wawili mezani ni kama desibeli 60. Wati moja inatosha kukufanya umwite mtu chumba cha pili asikusikie. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo sana kwa sikio. Ili uone sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 25 au 30 za kweli kila upande inakutosha na kubaki. Maandishi ya 60 W nyuma ya spika ni kikomo cha kile inachoweza kuvumilia, hayakulazimishi kutafuta amplifaya ya wati 60. Ila usiichukue mashine ndogo na kuikamua hadi mwisho: amplifaya inayozidiwa hukata vichwa vya mawimbi, sauti inakwaruza, na twita zako, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ndizo zinazoungua kwanza. Na wewe twita ndizo unazozihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Sasa Japani. Kijana hasemi uongo akisema ni vyombo vizuri. Vingi vimetengenezwa kwa uangalifu na nimevitengeneza kwa furaha. Lakini Japani wanatumia umeme wa volti 100, sisi 230. Mwaka wangu wa pili katika ufundi mteja aliniletea amplifaya nzuri ya huko, plagi ilikuwa imeshabadilishwa na mtu ili iingie kwenye soketi zetu, nami sikusoma kibandiko. Niliichomeka. Transfoma iliungua kabla sijaondoa mkono, na ilinichukua miezi kadhaa kumlipa yule mzee. Tangu siku hiyo nasoma kibandiko kwanza, na nakuomba nawe ufanye hivyo: plagi haikuambii chochote, kibandiko ndicho kinachosema. Ikiwa imeandikwa 100V lazima uwe na transfoma ya kushushia umeme, boksi zito la kuongezea pembeni, na siku moja mgeni au mtoto wa nyumbani ataichomeka moja kwa moja ukutani.

Na hata ukinunua transfoma, kuna la redio. Japani stesheni za FM ziko kati ya megahezi 76 na 90, na kwenye vyombo vipya zaidi hadi 95. Huku kwetu ni kuanzia 87.5 hadi 108. Redio ya mtumba wa Japani itakushikia vistesheni vya mwanzoni tu, nyingine zote itapita kimya. Kwa mtu anayetaka taarifa ya habari, hilo linatosha kuikataa. Ukikuta mtumba wa Uingereza au wa Ghuba ulioandikwa 220–240V, hiyo ni habari nyingine, tunaweza kuzungumza. Fundi aipime kwanza bila muziki: volti ya moja kwa moja (DC) kwenye matundu ya spika isizidi milivolti 50 hivi. Ikiwa ni volti nzima, mashine hiyo itakuunguzia spika. Kisha iachwe imewashwa nusu saa ikicheza, izungushwe kila nobu. Ikinguruma au kukwaruza, kapasita na nobu zinahitaji kazi, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei.

Hom thieta za spika tano sikushauri hata kidogo. Zina menyu zinazotaka televisheni ili uzione, na ukibonyeza vibaya spika mbili zinanyamaza bila kusema kwa nini.

Kwa hiyo ninunue nini, utaniuliza. Unachokitafuta kwa jina la kitaalamu ni risiva ya stereo, yaani amplifaya ya pande mbili yenye redio ndani yake. Ukitamka "risiva" kwenye maduka yetu wengi watakutolea king'amuzi cha televisheni, basi sema "amplifaya yenye redio, ya spika mbili." Hapa ndipo mwanao wa Muscat anapokuwa wa maana kweli. Umeme wa Oman ni volti 240, hezi 50, plagi ni ileile ya miguu mitatu ya mraba kama yetu, na FM yao inatumia masafa yaleyale. Chombo kilichonunuliwa dukani Muscat kwa matumizi ya Oman kitafanya kazi Tanga bila kuongezewa chochote. Angekuwa Marekani ningekuonya, maana huko ni volti 120.

Mifano miwili ninayoiamini kwa mtu wa aina yako ni Yamaha R-S202 na Sony STR-DH190. Zote ni za stereo, pande mbili tu, zina nobu kubwa ya kuongeza sauti mbele, zina redio, Bluetooth, na matundu ya kutosha ya kuchomeka deki. Ya Sony ina tundu la PHONO kwa mwenye sahani za santuri. Ya Yamaha haina. Wewe huna santuri, kwa hiyo tofauti hiyo isikusumbue, ila jua tu kwamba deki ya kaseti haichomekwi PHONO hata siku moja. Tundu hilo limetengenezwa kwa ishara ya milivolti chache ya sindano ya santuri, na kaseti ukiichomeka humo itatoka imepasuka, besi imejaa. Chomeka palipoandikwa TAPE, LINE, CD au AUX.

Risiva hizo mpya zinaweza kupita laki nne. Ikiwa mwanao anaweza kuongezea, mwache aongezee, kwa sababu kitu kimoja chenye redio ndani ndicho rahisi zaidi kwako: mahali pamoja pa kuchagua kati ya redio na kaseti, nobu moja ya sauti. Rimoti yake ina vitufe vingi; vifunike kwa plasta visivyokuhusu, ubakize vinne. Stesheni zako mbili tatu mjukuu azihifadhi mara moja, basi.

Ikiwa laki nne ndiyo mwisho, iko njia ya pili ambayo siioni aibu kuipendekeza. Kuna amplifaya ndogo za daraja D, za ukubwa wa kitabu, zinazotumia adapta kama ya kompyuta ya mkononi. Fosi Audio ni jina mojawapo. Kwenye spika ya omu 8, zikiwa na adapta ya volti 24, hutoa kwa kawaida wati 25 hadi 30 safi kila upande, na nimekuonyesha kwamba zinatosha. Hazipati moto sana, hazina uzito, na baadhi zinakubali volti 12, kwa hiyo umeme ukikatika unaweza kuiendesha kwa betri ya sola, mradi fundi aiunge kwa fyuzi. Chagua yenye nobu tatu: sauti, besi na trebo, yaani ya sauti nyembamba. Isiyo na trebo usiichukue, hata ikiwa rahisi kiasi gani. Upungufu wake ni kwamba nyingi hazina redio, na tundu la kuingizia mara nyingi ni moja tu. Utanunua redio ndogo ya kawaida ya FM, utoe waya kwenye tundu lake la hedifoni, na kiswichi cha kuchagua kati ya redio na kaseti. Ni vitu vitatu mezani badala ya kimoja. Kwa mtu anayetaka kuwasha na kuzima hilo ni usumbufu, na sitaki kukuficha.

Nobu ya trebo, au mpangilio wake kwenye chombo kisicho na nobu hiyo, ndiyo dawa yako, kwa kadiri chombo kinavyoweza kuwa dawa. Inapandisha sehemu zile za juu ambako konsonanti zinakaa. Anza na zote mbili katikati, weka taarifa ya habari, rudisha besi nyuma kidogo, kisha pandisha trebo polepole mpaka *s* na *sh* zianze kutofautiana. Simama hapo. Ikianza kuwa kali kama kisu umezidisha. Kitufe cha LOUDNESS, ukikikuta, kizime. Kazi yake kubwa ni kujaza besi. Nobu ya BALANCE usiidharau: ikiwa sikio moja ni zito kuliko jingine, sogeza kidogo upande huo. Ila niseme ukweli: trebo huinua kilichodhoofika tu. Seli zilizokufa kabisa haitazifufua, na ikiwa hata baada ya hayo maneno hayaji, hapo si kazi yangu tena, ni ya daktari, nitalifikia.

Kabla fedha haijatoka, spika zikaguliwe. Fungua kitambaa cha mbele, tazama pembezoni mwa koni. Ikiwa kuna sponji, kwa miaka hii yote na hewa ya chumvi ya Tanga, yamkini imeshakuwa unga. Ukiigusa inabaki kidoleni. Ikiwa ni mpira au kitambaa kilichopakwa gundi, huenda bado ni nzima. Sukuma koni taratibu kwa vidole vyote: irudi kimya, isikwaruze. Fundi akipima kwa maltimita, spika ya omu 8 husoma kama omu 6 hivi. Ikisoma 2, au isiposoma kitu, usiichomeke kwenye mashine mpya. Sponji hubadilishwa, fundi mzuri hukata mpya na kuibandika, na kazi hiyo ni rahisi kuliko kununua spika. Hakikisha pia twita zinalia: weka sikio karibu na kile kispika kidogo, usikie kama kinapuliza. Twita iliyokufa ingetosha yenyewe kukunyima maneno.

Waya wa spika usikupe homa. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, unatosha sebule yoyote. Cha kuangalia ni nyekundu iende nyekundu na nyeusi nyeusi kwa spika zote mbili. Ukigeuza moja, spika zinavutana: moja inasukuma, nyingine inavuta, mwimbaji aliyekuwa amesimama katikati anapotea, sauti inaelea hewani. Nimekuta nyumba ambazo zimeishi hivyo miaka.

Na sebule yenyewe ni nusu ya kazi, bure. Sakafu ya saruji au vigae, kuta tupu, bati bila dari: kila neno linarudi mara nne na kulikanyaga linalofuata. Tandika mkeka mzito au zulia kati yako na spika, weka mapazia ya kitambaa kizito, kochi badala ya viti vya plastiki. Zitoe spika kwenye pembe za chumba, maana pembe huongeza besi, uziweke juu ya stuli ili twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, zikitazamana nawe. Kisha sogeza kiti. Ukitoka mita nne hadi mbili, sauti inayotoka spikani moja kwa moja inaongezeka karibu desibeli 6, na mwangwi wa kuta unabaki palepale. Hakuna mashine ya laki nne itakayokupa hivyo. Kama redio inachachatika, waya wa sentimita 75 uliosimamishwa wima kwenye tundu la antena ya FM mara nyingi humaliza kazi.

Sasa kanda, na hapa nakuomba uvumilivu. Zile za Black Star na Culture ukizipoteza kuna watu wengine wanazo. Za marehemu mama, Mungu amrehemu, ni wewe peke yako duniani. Usizichezeshe kwenye deki hiyo mpaka isafishwe. Hedi ya deki, kile kichuma kinachogusa ukanda, hukusanya uchafu wa rangi ya kahawia, na uchafu huo unaiweka hedi mbali na ukanda kwa unyoya tu, lakini unyoya huo unatosha kumeza sauti nyembamba. Ni zilezile konsonanti tena! Inawezekana sehemu ya maneno unayoyakosa kwenye kanda haijapotea sikioni wala kwenye mashine. Imefunikwa na uchafu wa miaka. Pamba kwenye kijiti, spiriti safi isiyo na maji mengi, futa hedi, kipini cha chuma kinachozungusha ukanda, na mpira unaokibana, mpaka pamba itoke nyeupe. Usitumie petroli wala manukato.

Kisha angalia mkanda wa mpira ndani ya deki. Ukilegea, nyimbo hupanda na kushuka, na siku mbaya deki humeza ukanda. Fundi aubadilishe kwanza. Kabla ya kucheza kanda iliyokaa kimya miaka mingi, itazame kwenye mwanga: ukiona ukungu mweupe kwenye ukanda, usiicheze, mpelekee anayejua kuisafisha. Iliyo nzima izungushe mbele hadi mwisho na kurudi mara moja, ilegee. Na mara ya kwanza kuicheza, mjukuu awe tayari na kompyuta, aichukue kwa waya kutoka tundu la LINE OUT, aihifadhi mahali pawili. Hiyo ndiyo kazi ninayompa mjukuu badala ya sabufa. Kanda moja ya dakika 60 inachukua saa nzima, hakuna njia ya mkato; kwa 90 mtakaa pamoja miezi.

Nimalizie na masikio. Hayo niliyoyasema juu ya umri ni makisio ya fundi kutokana na maelezo yako. Fika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, uulizie daktari wa masikio, pua na koo, na kabla ya kununua chochote ikiwezekana. Mara nyingine ni nta tu iliyoziba, inatolewa siku hiyohiyo na mtu anarudi nyumbani akisikia majani ya mnazi. Usichokonoe mwenyewe kwa pamba wala kijiti, unaisukuma ndani. Ikiwa sikio moja limepotea ghafla, kwa saa chache au siku chache, usisubiri miadi; nenda leo, kwa sababu tiba yake ina siku zake na zikipita imepita. Vivyo hivyo ukiona usaha, maumivu, kizunguzungu, au mlio usiokoma wa upande mmoja. Na daktari akikushauri kifaa cha kusaidia kusikia, usikikatae kwa kuona haya. Kifaa kinapimwa kwa sikio lako, kinainua masafa yale tu yaliyodhoofika; hakuna amplifaya inayofanya hivyo. Ukipewa chenye Bluetooth, uliza kama kinaweza kupokea redio ya simu moja kwa moja. Hapo taarifa ya habari itakuingia sikioni bila sebule kuhusika.

Mwanao mwandikie hivi, unakili kama ulivyo: "Nataka amplifaya ya stereo ya spika mbili, yenye redio ya FM ndani, volti 220–240, iwe na nobu au mpangilio wa besi na trebo, na tundu la kuchomekea deki ya kaseti. Spika zangu ni omu 8. Sihitaji sabufa, sihitaji spika tano. Piga picha kibandiko cha nyuma unitumie kabla hujalipa." Picha hiyo ikifika, nitumie nami niisome.